Mama Takwimu Anajibu: Tuonyeshane hesabu, siyo majibu tu

Mama Takwimu ni mratibu mstaafu wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, anayeishi Tabora mjini. Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa watumishi wa Kigoma na Tabora wanaoshughulika na takwimu za afya na za halmashauri. Tumechagua nne.

Shikamoo Mama. Mimi ni mratibu wa MTUHA katika halmashauri moja ya mkoa wa Kigoma, upande wa ziwani. Baadhi ya vituo vyetu ripoti zake zinakuja kwa boti. Ofisi nzima anayekaa na namba ni mimi peke yangu, wenzangu wananiita printa ikigoma. Nimejifunza R, programu ya kompyuta ya kuchambua takwimu, mwenyewe usiku usiku na sasa naweza kuchora grafu, lakini sina wa kumwonyesha aniambie kama iko sawa. Nimesikia Uingereza wachambuzi wa takwimu za afya wana jumuiya yao, wanafundishana wenyewe kwa wenyewe. Sisi tuna kundi la WhatsApp, ila humo ni kukumbushana tarehe za ripoti na michango ya misiba. Je, tunaweza kuwa na kitu kama kile? Tuanzie wapi?
*Mratibu, Kigoma*

Marahaba mwanangu, na pole kwa upweke huo. Naujua. Muuguzi ana chumba kizima cha wauguzi wa kuwauliza, mhasibu ana wahasibu wenzake. Mtu wa takwimu huwa mmoja kila ofisi, na hesabu yake haikaguliwi na mwenye ujuzi wake mpaka imeshafika mkoani au wizarani, ikiwa itakaguliwa.

Jumuiya uliyoisikia inaitwa NHS-R. NHS ndiyo huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, iliyoanza Julai 1948, na hiyo R ni programu ile ile unayojifunza usiku. Jumuiya ilianza mwaka 2018 kwa msaada wa fedha za taasisi ya Health Foundation, na Chuo Kikuu cha Bradford kilikuwa miongoni mwa walioisukuma. Shida yao ilikuwa kama yako: kila hospitali ina mchambuzi wake, kila mmoja anachora grafu ile ile kila mwezi kuanzia mwanzo, na hajui kwamba jirani yake jana alichora hiyo hiyo. Wakaanza warsha, wakawa na mkutano wa kila mwaka, wakaweka skripti zao, yaani maagizo wanayoiandikia programu, wazi ili yeyote azichukue, azitumie, azirekebishe. Humo zikazaliwa zana ambazo hata wewe unaweza kuziweka kwenye kompyuta yako bila kulipa senti. NHSRplotthedots huchora grafu ya kutofautisha mabadiliko ya kweli na mtikisiko wa kawaida (nitalirudia jambo hili kwenye swali linalofuata). NHSRdatasets imebeba data za mazoezi, mtu ajifunze bila kugusa taarifa za mgonjwa wa kweli. Baadaye waliozoea Python, lugha nyingine ya kompyuta, nao wakakaribishwa.

Kilichowashikanisha watu wale ni kuonyeshana njia. Data imetoka wapi, imesafishwaje, nini kimegawanywa kwa nini. Sisi huku tumezoea kuonyeshana jibu. Kwenye kikao cha robo mwaka kila halmashauri inapanda na slaidi zake, asilimia 87 hapa, asilimia 92 pale, watu wanapiga makofi, na hakuna anayeuliza ile 92 imepatikanaje. Naamini kabisa hapo ndipo kazi yetu inapokwama, na ndipo jumuiya yenu ianzie.

Tena mna bahati ambayo Waingereza hawana. Hospitali zao zina mifumo ya kompyuta ya kila namna. Ninyi nyote, kuanzia Kakonko hadi Igunga, mnafungua DHIS2 ile ile, mfumo wa kompyuta wa kukusanya na kutunza takwimu za afya. Mfumo huo unaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, mizizi yake ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana mkono mkubwa katika kuujenga na kuusimika hapa nchini. Maana yake skripti ukiiandika leo kwa ajili ya vituo vyako, mwenzako wa Kibondo anabadilisha jina la halmashauri tu na inamfanyia kazi.

Basi anzeni watu watatu. Usingoje mkoa mzima. Tafuta mmoja Kasulu, mmoja Buhigwe, na wewe. Chagueni swali moja ambalo wote mnalo. Mimi ningechagua hudhurio la kwanza la mjamzito akiwa na mimba ya chini ya wiki 12. Linaonekana rahisi. Sasa kaa na rejista ya wajawazito, kitabu namba 6, ya zahanati mbili tofauti, usome mstari kwa mstari. Utakuta mahali pamoja muuguzi anaandika hudhurio la kwanza pale mama anapofika kliniki kwa mara ya kwanza katika mimba hiyo, popote alipokwenda. Mahali pengine muuguzi anaandika la kwanza kwa kila mama mpya kwenye kituo chake, hata kama mama huyo alishaanza kliniki Kasulu mjini, kadi anayo mkononi, amehamia tu kwa wakwe. Mama huyo amehesabiwa mara mbili. Halafu angalia umri wa mimba: huyu anakokotoa kwa hedhi ya mwisho, yule anakadiria kwa kupapasa tumbo. Hakuna aliyefanya uvivu. Hawajawahi kukaa pamoja, basi, na kompyuta ya halmashauri haiwezi kujua.

Mkishaliona hilo, kila mmoja apakue jedwali lake, aandike kwa Kiswahili cha kawaida kwenye ukurasa mmoja hatua alizopita, kisha amtumie mwenzake jedwali pamoja na hatua, mwenzake aanze upya afike mwenyewe. Ikitoka namba ile ile, vizuri. Isipotoka, hapo ndipo jumuiya imeanza kazi yake, na msione haya. Fanyeni hivyo kila mwezi ripoti zikishaingia, kabla vichwa havijachoka.

Kuhusu vifaa usihofu. R ni ya bure. Iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake namba 1.0 lilitoka Februari 2000. Ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti kufanya hesabu. Ukienda Kigoma mjini ambako mtandao ni mzuri, pakua vifurushi vyake vyote unavyovihitaji, weka kwenye flashi, wagawie wenzako wa mwambao. Asiyejua R aje na Excel yake na akaribishwe sawa na wengine. Nimeona vijana wakigeuza programu kuwa kipimo cha nani msomi na nani si msomi. Hilo litawaua mapema.

Sasa nionye juu ya mambo mawili. La kwanza ni posho. Mkianza kwa kuandika andiko la kuomba fedha za mafunzo, fulana na bango, mtakutana siku fedha zipo na mtatawanyika siku zimekwisha. Kutaneni pale ambapo safari tayari imelipwa: mkiitwa mkoani kwa kikao cha robo mwaka, bakini nusu siku. Omba chumba kwa Mganga Mkuu wa Mkoa kwa barua ya heshima, mweleze mtafanya nini. Mtu akiambiwa watumishi wake wanataka kubaki kukagua hesabu za mkoa wake bila kudai senti, sioni kwa nini akatae. La pili ni uongozi. Msiandike katiba, msichague mwenyekiti na mhazini, hazina yenyewe haipo. Mnahitaji mtu mmoja wa kukumbusha tarehe na mmoja wa kutunza mafaili, wabadilishane.

Kundi la WhatsApp la misiba liacheni, lina kazi yake njema. Fungueni jingine lenye sharti moja: anayeandika humo alete swali, au alete faili.

Na msijifungie afya peke yenu. Hili nalisema kwa msisitizo. Kwenye jengo hilo hilo la halmashauri yuko Afisa Elimu anayeshughulika na vifaa na takwimu, ambaye anajua kila shule ina wasichana wangapi wa umri gani. Mwaka 2024 chanjo ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ilitolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Unataka kumkadiria msichana kutoka sensa wakati mwenzako wa mlango wa tatu anaye kwenye orodha? Wako watu wa RUWASA, wakala wa maji vijijini, wenye ramani ya vituo vya maji, nawe una wagonjwa wa kuhara kwa kijiji. Mwaka 1854 daktari John Snow wa London alilinganisha mahali pa vifo vya kipindupindu na visima vya mtaani, pampu moja ya Broad Street ikaonekana, na baadaye akaviweka vyote kwenye ramani. Visima na vifo vilihitaji kukaa meza moja. Mwambao wa Ziwa Tanganyika unajua kipindupindu kuliko London ya leo, na meza hiyo mnaweza kuiweka ninyi.

Tarehe 18 Novemba ni Siku ya Takwimu Afrika. Ifanyeni siku ya kuonyesha kazi yenu ya kwanza kwa mkoa, mkianza na ukurasa wa hatua, asilimia zifuate.

Mama, pole na majukumu. Mimi ni mganga mfawidhi wa kituo cha afya wilayani Urambo. Waliojifungulia kituoni kwetu walikuwa 40 mwezi mmoja, uliofuata 35. Nimetakiwa kuandika maelezo kwa nini huduma imeshuka. Sijui niandike nini maana hakuna kilichobadilika: wakunga ni wale wale, barabara ni ile ile. Nisaidie.
*Mfawidhi, Urambo*

Ahsante mwanangu, nimeshapoa. Swali lako linawasumbua wafawidhi wengi, na watu wengi wanapoteza siku zao kuandika maelezo ya kitu ambacho hakikutokea.

Fungua rejista ya leba, kitabu namba 12, chukua jumla za miezi 12 badala ya miwili. Hukuniandikia zote, kwa hiyo nakutolea mfano wa kubuni unaoishia na 40 na 35 zako: 41, 38, 45, 40, 36, 43, 39, 44, 37, 42, 40, 35. Wastani wake ni 40. Sasa tafuta tofauti ya kila mwezi na uliotangulia, bila kujali umepanda au umeshuka: 3, 7, 5, 4, 7, 4, 5, 7, 5, 2, 5. Wastani wa tofauti hizo ni karibu 4.9. Zidisha kwa 2.66, namba isiyobadilika ya mbinu hii, utapata 13. Ongeza 13 juu ya wastani, toa 13 chini yake: mipaka yako ni 27 na 53.

Maana yake kituo hicho, kwa namna kinavyofanya kazi sasa, kinaweza kuzalisha wanawake 29 mwezi mmoja na 50 mwezi mwingine bila kuwa na jambo jipya. Mimba hazipangwi kwa kalenda ya ripoti. Hiyo 35 iko ndani kabisa, haina maelezo, na ukiyatunga utakuwa unaidanganya ofisi yako kwa nia njema. Kinachotaka maelezo ni mwezi uliotoka nje ya mipaka, au miezi saba mfululizo yote ikiwa upande mmoja wa wastani. Saba mfululizo chini ya 40, hata kama hakuna uliofika 27, hapo nenda ukatafute: pengine gari la wagonjwa limeharibika, pengine kuna neno limesemwa kwa mama mmoja wodini na kijiji kizima kimelisikia.

Mbinu hii si yangu. Walter Shewhart alichora grafu ya kwanza ya aina hii mwaka 1924 akiwa kampuni ya Western Electric, Marekani, kwa ajili ya ubora wa vifaa vya simu. Ndiyo ile inayochorwa na zana ya NHS-R niliyomtajia mwenzako wa Kigoma. Kwa kituo kimoja, kalamu na karatasi ya mraba vinatosha. Chora, andika tarehe, weka wastani na mipaka miwili, ambatanisha na barua yako. Andika: "Kwa heshima, idadi ya mwezi huu iko ndani ya mtikisiko wa kawaida wa kituo, kama grafu inavyoonyesha." Halafu mwombe mratibu wako wa halmashauri akague hesabu yako kabla hujaituma. Grafu iliyokaguliwa na watu wawili ina uzito mbele ya bosi.

Shikamoo. Halmashauri yetu iko mkoa wa Tabora, upande wa magharibi. Chanjo ya surua inasoma asilimia 121. Bosi anafurahi. Mimi sifurahi. Nifanyeje?
*Asiye na raha*

Marahaba. Wasiwasi wako ndio unaokufanya ufae kwa kazi hii, usiupoteze.

Huwezi kuchanja watoto 121 kati ya 100. Ama waliochanjwa wamezidishwa, ama walengwa wamepunguzwa. Anza na walengwa. Sensa ya 2012 iliukuta mkoa wa Tabora na watu 2,291,623. Ya 2022 ikaukuta na 3,391,679. Ni ongezeko la asilimia 48 kwa miaka kumi. Kigoma katika muda huo huo ilitoka 2,127,930 kufika 2,470,967, asilimia 16. Mkoa unaokua kwa kasi ya Tabora, tena halmashauri kama yenu inayopokea wakulima na wafugaji wanaohamia, makadirio yoyote ya zamani yanaachwa nyuma haraka. Kwa hiyo uliza: walengwa kwenye mfumo wametoka sensa ipi, kwa kiwango gani cha ongezeko, na nani aliwagawa kwa kata? Andika majibu, weka kwenye faili lenye tarehe.

Kisha nenda kwa waliochanjwa. Chagua vituo vitatu, linganisha fomu ya tali (ya kuhesabia kwa mistari) na rejista ya watoto, kitabu namba 7, na kilichoingizwa kwenye mfumo. Siku ya huduma ya mkoba, muuguzi anapowafuata watu kijijini, ndiyo yenye hatari: muuguzi mmoja, akina mama themanini chini ya mwembe, mistari ya tali inapigwa jioni kwa kukumbuka. Watoto wa halmashauri jirani nao humo humo.

Wakati unachunguza, kuna kipimo kisichohitaji idadi ya watu hata kidogo. Penta, chanjo moja ya kukinga magonjwa matano, hutolewa mara tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kituo kikitoa Penta ya kwanza kwa watoto 220 na ya tatu kwa 198, wameachia njiani 22, asilimia 10. Zaidi ya hapo ni dalili ya tatizo. Kipimo hiki kinaweza kumwonyesha bosi wako kituo chenye asilimia 121 ambacho kinapoteza mtoto mmoja kati ya watano. Mpelekee yote mawili kwa pamoja, faraghani, kabla ya kikao. Usimwaibishe mbele za watu, atakufungia mlango na namba zitabaki vilevile.

Na mtafute yule wa Kigoma. Yeye mkoa wake umekua polepole, wewe wako umekimbia, swali lenu ni moja, na treni ipo.

Mama, kwenye kundi letu mwenzetu mmoja hutuma picha za kurasa za rejista ili tumsaidie kuhesabu. Majina yanaonekana. Nimwambie nini bila kumuudhi?
*Mtunza kumbukumbu, Nzega*

Mwambie leo, na mwambie kwa simu badala ya kundini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zimo kati ya zile zinazolindwa kwa ukali zaidi. Lakini hata ingekuwa haipo, yule mama kwenye mstari wa nne hakumpa mkunga jina lake ili lisomwe na simu thelathini.

Kufuta jina pekee hakutoshi. Kijiji chenye mgonjwa mmoja wa kifua kikuu mwanamke wa miaka 19, ukitaja kijiji, jinsi na umri, umeshamtaja. Kundini wekeni jumla tu, na kisanduku chenye watu wachache mno kiunganisheni na kata jirani au umri wa karibu. Anayetaka msaada wa kuhesabu achore jedwali tupu lenye vichwa vya safu vile vile, ajaze data za kubuni, atume hilo. Hesabu itakuwa ile ile, na mtamfundisha vizuri tu.

Picha zilizokwisha kutumwa zifutwe kundini, na kila mmoja azifute kwenye galari ya simu yake, maana simu nyingi huhifadhi zenyewe. Mkimaliza, mjulisheni mfawidhi wa kituo zilikotoka.